Benchi la Wagonjwa

Jenipher Klementi alifika Kilwa Masoko mwezi wa Januari akiwa na begi moja, ndoo mpya, na godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba. Alikuwa na miaka kumi na minne. Kule kijijini kwao, Kikole, alikuwa amefaulu kuliko wenzake wote wa darasa la saba, na baba yake, mkulima wa ufuta, aliamua akasome sekondari mjini, akae kwa shangazi yake, Romana.

"Wewe kasome tu," baba alimwambia walipoagana. "Marafiki utawapata huko huko."

Shangazi Romana alikuwa mpishi kwenye nyumba moja ya wageni. Alitoka alfajiri kabla Jenipher hajaamka, akarudi maghribi imepita, miguu imemvimba. Alimpenda mtoto wa kaka yake, lakini alikuwa mtu wa kulala mara tu anapokaa. Kwa hiyo Jenipher alipika peke yake, akala peke yake, akafanya kazi za shule akisikiliza redio ya wapangaji wa chumba cha pili. Wiki mbili za mwanzo hakujali sana. Alijiambia ni ugeni, utapita.

Wiki ya tatu ndiyo iliyoharibu mambo.

Ilikuwa kipindi cha hisabati, baada ya uji wa saa nne. Mwalimu Twalib alikuwa kijana mcheshi ambaye wanafunzi walimpenda kuliko walimu wengine, lakini alikuwa na sharti moja: hakuna kutoka darasani akiwa anafundisha. Jenipher hakujua. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kutoka."

"Kwangu hatoki mtu. Kaa chini. Dakika ishirini hazijawahi kuua."

Darasa likacheka. Jenipher akakaa. Alibana magoti, akahesabu mistari ya daftari, akanyoosha mkono tena. Mwalimu alikuwa ameelekea ubaoni, anaandika, hakugeuka. Alipoushusha mkono, mambo yalikuwa yameshatokea. Sakafu ya darasa lile ilikuwa na mteremko kidogo, na maji yalishuka polepole chini ya madawati mpaka kwenye viatu vya Hussen, mvulana mrefu wa mstari wa mbele.

Hussen akaruka. "Jamani, bomba limepasuka!"

Mwalimu Twalib alipogeuka aliona watoto arobaini wanapiga kelele na kupanda juu ya viti. Hakuona kitu kingine. Alikasirika, akawasimamisha wote mpaka kengele ilipolia, kisha akachukua vitabu vyake akaondoka. Jenipher naye alisimama na wenzake, sweta amelifunga kiunoni, akitazama ubao bila kusoma kilichoandikwa.

Siku hiyo hiyo mchana alikuwa ameshapewa jina. Aliyelitunga ni Mwanaidi, binti wa mfanyabiashara wa vitenge, msichana mwenye ulimi mwepesi ambaye darasa zima lilisubiri aseme neno ili licheke.

"Jeni Bomba," alisema, na ikawa hivyo.

Jina lenyewe lilikuwa na ujanja wake. Mtu asiyejua kisa akilisikia hudhani ni sifa, maana vijana husema viatu bomba, gari bomba. Walimu walipita koridoni wakasikia, "Jeni Bomba, vipi?" wakatabasamu. Walidhani mtoto wa watu amepata wenzake.

Msichana aliyekaa naye dawati moja alihamia dawati lingine, wakabanana watatu. Ukatokea na mchezo: anayegusa kitu cha Jenipher amepata "maji," na lazima ampake mwenzake haraka. Kalamu yake ikianguka ilibaki chini mpaka aiokote mwenyewe. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana tusi ambalo angeweza kulipeleka kwa mwalimu akasema, nimetukanwa. Angesema nini? Kwamba wananiita bomba?

Akaacha kunywa uji. Baadaye akaacha kunywa maji kabisa tangu asubuhi hadi arudi nyumbani, ili asije akahitaji kutoka. Midomo ilimkauka, kichwa kikamuuma kila siku saa saba. Wakati wa mapumziko alikaa nyuma ya stoo ya kuni, ambako hapakuwa na mtu ila kuku wa mlinzi.

Jumapili baba alipiga simu. Kikole mtandao ni wa kutafuta. Ilibidi apande mpaka penye kilima kidogo karibu na kanisa, na Jenipher alimsikia anavyohema.

"Hujambo, mama? Shule inaendaje?"

"Vizuri, baba."

"Umeshapata wenzako?"

"Ndiyo, baba. Wengi tu."

"Basi vizuri. Mama yako anasali kila siku kwa ajili yako."

Simu ilipokatika alibaki ameishika sikioni, kama baba bado yuko.

Kitu kimoja hakikumwacha, nacho ni akili. Mtihani wa nusu muhula ulipotoka, alikuwa wa kwanza kwenye hisabati kati ya mikondo yote minne ya kidato cha kwanza. Siku ya kutangaza, Ijumaa, shule nzima ikiwa mstarini, Mwalimu Twalib ndiye aliyesoma majina. Alikuwa na furaha ya kweli. Mtoto kutoka kijijini, tena msichana, amewashinda wote! Akataka kumpa heshima kwa jina ambalo wenzake humwita.

"Wa kwanza," akasema kwa sauti kubwa, "ni Jeni Bomba! Njoo mbele! Kweli huyu ni bomba!"

Kicheko kikaanza kwenye mstari wa kidato cha kwanza, kikaenda nyuma hadi kwa wakubwa ambao hata hawakujua kisa, wanacheka kwa sababu wenzao wanacheka. Mwalimu Twalib naye akacheka, akidhani ni shangwe. Alipiga makofi. Jenipher akatoka kwenye mstari, akapokea daftari la zawadi, akasema asante, akarudi mahali pake. Hakulia.

Jumatatu iliyofuata alivaa sare kama kawaida, akafunga mlango, akaenda njia ya shule mpaka penye kona. Hapo miguu ilikataa. Akakata upande mwingine, akatembea tu, hadi akajikuta kwenye kituo kimoja cha afya. Barazani palikuwa na benchi refu la wagonjwa wanaosubiri kumwona daktari. Akakaa mwisho wa benchi.

Mgonjwa wa mbele alipoingia ndani, wote walisogea. Jenipher naye akasogea. Mama mmoja akampakata mwanawe vizuri ili Jenipher apate nafasi. Mzee mmoja akamuuliza kama foleni inakwenda, akajibu inakwenda. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Alipobaki mtu mmoja mbele yake, aliinuka, akaenda kunywa maji kwenye mtungi wa wagonjwa, akarudi kukaa mwisho wa benchi, akaanza upya. Saa nane mchana alikuwa amezunguka benchi lile mara tatu. Akarudi nyumbani, akapika, akamwambia shangazi kwamba leo wamesoma jiografia.

Alifanya hivyo kesho yake, na keshokutwa, na siku ya nne. Alizoea harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Alizoea sauti ya nesi anayeita majina kamili, la mtu na la baba yake, bila kumwongezea mtu jina lolote. Wakati mwingine alitamani awe na kadi, aitwe na yeye.

Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Alikuwa katikati ya benchi bibi mmoja wa mjini alipofika taratibu, amejitanda kanga, ameshikwa mkono na msichana mwenye hijabu.

"Sogeeni wanangu, nami nipate pa kukaa," bibi alisema.

Jenipher akasogea. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akakaa, akashusha pumzi. "Presha hii itaniua. Na wewe unaumwa nini, masikini?"

"Tumbo."

"Na mama yako yuko wapi?"

"Yuko Kikole."

"Kikole! Umekuja peke yako, nawe unaumwa?" Bibi akageuka kwa mjukuu wake. "We Mwanaidi, sare hii si ya kwenu? Humjui mwenzio huyu?"

Jenipher alikuwa hajainua macho. Alipoyainua, Mwanaidi alikuwa amesimama mbele yake ameshika mkoba wa bibi kwa mikono miwili.

"Namjua," Mwanaidi alisema.

"Anaitwa nani?"

Mwanaidi alifungua kinywa akakifunga. Jenipher alisubiri. Alijua kitakachotoka, akaukaza mwili kama mtu anayesubiri sindano.

"Anaitwa Jenipher," Mwanaidi alisema kwa sauti ndogo.

Ilikuwa miezi miwili hajasikia mtu wa darasani kwao akilitamka jina hilo.

"Basi kaa naye mpaka aonwe na daktari," bibi akaamuru. "Mtoto mgonjwa haachwi peke yake. Mtakuja kuulizwa siku ya Kiyama, nyie watoto wa siku hizi."

Bibi aliitwa kwanza, kwa ajili ya uzee wake, akaingia na nesi. Wasichana wawili wakabaki benchini, mkoba uko katikati yao. Benchi likasogea, nao wakasogea. Likasogea tena. Ilipofika zamu ya Jenipher, nesi akachungulia, "Anayefuata?" Jenipher akainuka, akampisha mtu wa nyuma, akaenda kukaa mwisho kabisa.

Mwanaidi alimtazama mpaka akaelewa. Akamfuata.

"Huumwi."

"Siumwi."

"Ndiyo maana huji shule? Unakuja kukaa hapa?"

"Ndiyo."

"Wiki nzima?"

Jenipher akaitikia kwa kichwa.

"Sasa kwa nini hapa, Jenipher?"

Jenipher alifikiri kidogo, maana hakuwa amewahi kuulizwa. "Hapa ukikaa, watu wanasogea upate nafasi," alisema.

Mwanaidi aliondoka na bibi yake bila kuaga. Lakini Jumamosi na Jumapili hakulala vizuri, na Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni mwa ofisi ya walimu kabla hata kengele haijagongwa.

"Mwalimu Twalib, naomba nikuulize. Unajua kwa nini Jenipher anaitwa Bomba?"

"Si kwa sababu ana akili?" mwalimu alisema akicheka.

Mwanaidi akamweleza. Alieleza yote, pamoja na kwamba jina alilitunga yeye, na kwamba siku ile Jenipher alinyoosha mkono mara mbili. Alipofika kwenye habari ya benchi alianza kulia. Mwalimu Twalib aliweka chaki mezani. Alikumbuka ile siku ya kelele. Alikumbuka maneno yake mwenyewe, dakika ishirini hazijawahi kuua. Kisha akakumbuka siku ya mstarini, namna alivyopiga makofi.

Jioni hiyo alipiga hodi kwa shangazi Romana, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya nusu siku. Jenipher alipomwona mlangoni alirudi nyuma hadi ukutani.

Mwalimu hakuzunguka. Alieleza alichokuja nacho, mbele ya shangazi mtu, kisha akamgeukia Jenipher. "Nilikukosea mara mbili. Mara ya kwanza sikukusikiliza, mara ya pili sikuuliza. Naomba unisamehe."

Shangazi Romana alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imemlegea mapajani. "Siku ngapi, Jeni?" aliuliza. "Siku ngapi umekaa huko? Mchana ulikuwa unakula nini?"

"Sikuwa nakula, shangazi."

"Na mimi nalala chumba kimoja na wewe." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Halafu akamgeukia mwalimu, na sauti ikawa kali. "Tumewaletea mtoto mzima, mwalimu. Mzima! Sasa mnarudi kuomba radhi, radhi hiyo atakula?"

Mwalimu Twalib hakujitetea. Alisema kesho angesimama mstarini aeleze kosa lake mbele ya shule nzima, jina la Jenipher lisafishwe.

"Hapana," Jenipher alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwalimu kumsikia akisema kwa nguvu. "Usinitaje. Tafadhali, mwalimu. Usinitaje mstarini tena."

Hilo lilimfunga mwalimu mikono, na labda lilimsaidia. Ingekuwa rahisi kusimama siku moja, kusema maneno mazuri na kuyamaliza. Sasa ilibidi atengeneze kitu bila kumweka mtoto mbele ya watu.

Kwenye kikao cha walimu hakutaja jina la mwanafunzi, alitaja lake. Alieleza alichofanya. Mwalimu Stefano, wa nidhamu, mtu mzima mwenye fimbo kwapani, alitikisa kichwa.

"Watoto hutaniana, Twalib. Hata sisi tulitaniwa, tukakua."

"Sisi tuliokaa hapa ndio tuliomaliza shule," Twalib alijibu. "Wale walioacha hawapo kwenye kikao hiki kutuambia."

Mkuu wa shule alikubali wajaribu mpaka mwisho wa muhula. Pale pale walimu walikubaliana waache kuwapa wanafunzi majina ya utani, jambo lililokuwa gumu kuliko walivyodhani, maana karibu kila mwalimu alikuwa nayo matatu manne. Katika kila darasa kikapachikwa kibao kidogo mlangoni. Anayetaka kutoka anakichukua, anatoka, anarudi, haombi mtu. Walimu wakaanza kunywa uji uwanjani na wanafunzi badala ya kujifungia ofisini. Na siku moja kila mwanafunzi alipewa kipande cha karatasi kisichoandikwa jina, kikiwa na swali moja: Ni nani unayemwona akikaa peke yake?

Walimu walitarajia majina mawili matatu. Yakaja kumi na tisa. Lilikuwemo la Jenipher, mara nyingi. Lilikuwemo la Samia, msichana wa mkondo wa pili aliyehamia kutoka Rasbura, Lindi, mama yake alipoachika, ambaye hakuna mwalimu aliyewahi kumsikia anazungumza. Lilikuwemo la Hussen, jambo lililowashangaza wote. Na karatasi moja ya kidato cha tatu ilikuwa na maandishi mazuri ya mwandiko wa kulala: "Mwalimu Stefano." Mwalimu Stefano mwenyewe ndiye aliyeifungua. Aliikunja, akaitia mfukoni.

Jenipher mwenyewe alikuwa amerudi shule Jumatano ya wiki ile ile mwalimu alipopiga hodi kwao. Hakuna aliyemwita chochote. Hakuna aliyemcheka. Lakini hakuna aliyezungumza naye pia. Walikuwa wameonywa na viranja, na sasa walimwogopa. Alipopita walinyamaza. Kalamu yake ikianguka watu watatu waliinama kuiokota, wakampa bila kumtazama usoni, wakaondoka haraka. Aligundua kwamba upweke huu mpya ulikuwa na adabu, lakini ulikuwa upweke vilevile. Usiku alimwambia shangazi, ambaye siku hizi alijilazimisha kukaa macho mpaka wale pamoja. "Ni kama nimekuwa mkuu wa shule," alisema. Shangazi alicheka, kisha akamshika mkono.

Mwezi wa tano, wakati wa kupanga viti, Hussen alikosea au alikusudia, haijulikani. Alisema kwa sauti, "Bomba, sogeza dawati lako." Kisha akageuka nyuma kusubiri kicheko. Hakikuja. Mmoja aliendelea kufuta ubao. Wawili walimtazama tu. Hussen alibaki amesimama na kiti mkononi, masikio yanamwaka, halafu akasema, "Jenipher. Sogeza kidogo." Akasogeza.

Siku hiyo mchana Mwanaidi alimfuata koridoni. Alikuwa amejiandaa, ilionekana.

"Jina lile nililitunga mimi."

"Najua."

"Nataka unisamehe."

Mwanaidi ndiye aliyelitaja jina lake halisi pale benchini, na ndiye aliyelizika hapo mwanzo. Vyote viwili vilikuwa kweli, na yeye hakujua aviweke wapi.

"Sijui bado," alisema. "Lakini nimeona ulikwenda kwa mwalimu."

"Basi nitasubiri," Mwanaidi alisema. Hakuongeza neno la kuchekesha. Alikwenda zake.

Samia naye alikuja kwa njia nyingine kabisa. Waliwekwa kundi moja la hisabati lililochanganya mikondo, na kwa wiki mbili Samia alisukuma tu daftari lake mbele ya Jenipher, kidole juu ya swali lililomshinda. Jenipher alieleza, Samia akatikisa kichwa, ikaisha hapo. Siku moja mvua ya mwisho ya masika iliwazuia darasani baada ya wengine kukimbia. Walikaa dirishani wakitazama maji yanavyofurika uwanjani.

"Kwenu Kikole kuna nini?" Samia aliuliza ghafla. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko Jenipher alivyoidhania.

"Milima. Ufuta. Mihogo."

"Unapakumbuka?"

"Kila siku."

"Mimi nakumbuka Rasbura mpaka nasikia tumbo linauma," Samia alisema. "Nilidhani ni mimi tu."

Mvua haikuwa na dalili ya kukatika. Jenipher alikuwa na muhogo wa kuchemsha kwenye mfuko wa nailoni, aliofungiwa na shangazi asubuhi. Aliumega, akampa nusu. Wakala pale pale dirishani. Ilipofika saa kumi waliamua kulowana, wakavua viatu na kutoka pamoja, Samia mbele, kwa sababu ndiye aliyezijua njia zisizo na matope.